TUANZE KWA KOKO, KISHA TELEFONI



Mwezi uliopita mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi aandike majina ya jamaa yake mpaka kizazi cha ine, pamoja na mahali kila mmoja alipozaliwa. Tulipewa juma moja. Sisi wa mwaka wa sita tulicheka, tukasema hiyo ni kazi ya dakika tano. Tukanunua mega, tukafungua Google, tukaandika majina ya baba zetu.

Matokeo mliyasikia. Mmoja wetu alipata mchezaji wa mpira wa Kinshasa. Mwingine aliingia Facebook akakuta watu wengi wenye jina la babu yake, na wengi wao ni vijana kuliko yeye mwenyewe! Wengine hawakupata kitu, na mega zikaisha.

Kisha likatokea jambo lisilochekesha. Mwenzetu mmoja alileta karatasi yenye majina mawili tu. Nyuma ya kalasi mtu akasema kwa sauti: « Huyu hana babu hapa. » Kalasi ikacheka. Sisi wenye kuchaguliwa kusimamia wenzetu tulikuwa pale, na hatukusema neno. Njo maana tunaandika leo.

Kwanza tujiulize: juu ya nini mashine haikutujibu?

Sababu ya kwanza ni majina yetu. Kwa wazungu wengi mtoto hubeba jina la baba, na baba la babu, kwa hivi ukishika jina moja unavuta kamba nzima. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Kwa Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, njo sababu akina Paluku, Kambale na Masika ni wengi kama mawe ya Goma. Kuandika « Kambale » kwenye Google ni sawa na kusimama katikati ya Birere na kuita: « We kijana! » Wataitika wote. Kwa jamaa zingine jina la mtoto halifanani na la baba hata kidogo.

Tena kuna mwaka 1972. Mwaka ule Raisi Mobutu aliamuru raia wa Zaire waache majina ya Kikristo na kubeba majina ya kiasili. Basi babu aliyebatizwa Yoane yuko Yoane katika kitabu cha kanisa, lakini katika makaratasi ya Zaire ni mtu mwingine. Koko anajua kwamba ni mtu mmoja. Mashine haijui.

Sababu ya pili ni makaratasi yenyewe. Intaneti haizai habari, inaonyesha tu kile ambacho mtu alikiweka. Na sisi tuko na nini cha kuweka? Nchi yetu ilifanya hesabu ya watu ya mwisho mwaka 1984, mbele ya sisi kuzaliwa, na wengi wa wazazi wetu vilevile. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya muji, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Ukimuuliza mzazi wa Goma karatasi yake ya kuzaliwa, atakuambia: « Mutoto wangu, ile yote ilibakiaka mu moto. » Ongeza vita vya 1996, vya 1998, na vile vilivyoingia muji wetu Januari 2025. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro. Si kila mtu anakumbuka sanduku la makaratasi.

Na makaratasi mengi ya wakati wa ukoloni yako Ubeleji, mu Brussels. Wabeleji waliandika sana, lakini waliandika kwa haja yao: nani alipe kodi, nani aende kazi. Ukitafuta babu yako mule, labda utakuta amehesabiwa. Kujua alipenda nini, ao alioa namna gani, hutapata.

Hata hivyo hatutaki kusema kwamba telefoni ni bure. Hapana. Tuseme kweli yote.

Kuna FamilySearch, kazi ya wale wanaoitwa Wamormoni, wa Marekani. Mafundisho yao juu ya wafu si mafundisho ya kanisa letu, lakini vitabu vingi walivyokusanya viko wazi kwa kila mtu, bila kulipa. Tena katika inchi kadhaa za Afrika waliona kwamba karatasi hazitoshi, wakatuma watu vijijini kuandika maneno ya wazee. Hata hao wenye mashine kubwa walikuja kuketi kwa koko! Lakini ujue kwamba ule mti wa jamaa ulio kwenye FamilySearch ni wa watu wote: mtu wa mbali anaweza kugeuza jina la babu yako aliyekufa. Usiamini kila tawi.

Kuna pia habari ya watoto wa baba mzungu na mama mwafrika. Wakati wa ukoloni wengi walitolewa kwa mama zao, hapa Kongo, Rwanda na Burundi, na wengine wakatiwa katika nyumba ya misioni ya Save, Rwanda. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubeleji, Charles Michel, aliomba msamaha mbele ya Bunge lao. Watu wale sasa ni wazee, na wanatafuta jina la mama katika makaratasi ya serikali iliyowatenga naye. Kwa mtu kama huyo karatasi moja ni kitu kikubwa sana.

Na wazazi wetu wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi karibu milioni moja walipoingia Goma kwa siku chache. Msalaba Mwekundu ulionyesha picha za watoto waliopotea ili wazazi wawatambue. Kazi hiyo ya kutafuta waliotengana inaendelea hata leo, bila malipo. Mwenye kupotelewa na ndugu vitani aanze kule mbele ya Google.

Basi shauri letu ni hili: tuanze kwa koko, kisha telefoni. Telefoni inaweza kungoja mpaka mwaka kesho. Koko hawezi.

Tuliporudia kazi ile tuliona kwamba kumuuliza mzee mwaka wa kuzaliwa ni kumchokesha. Muulize hivi: « Uhuru ulikuta wewe ni mkubwa namna gani? Moto wa 1977 ulikukuta wapi? Uliolewa mbele ya pesa ya zaire ao nyuma? » Hapo utaona koko anaamka. Muulize majina yote ya mtu mmoja: la kuzaliwa, la ubatizo, la masomo, la kutaniwa. Muulize juu ya bibi zake, kwa sababu upande wa mama husahauliwa upesi. Washa telefoni ikamate sauti yake, kwa ruhusa yake. Kisha andika katika kayé na upeleke kayé ya pili nyumba nyingine, kwa sababu volkano haikuhama.

Nyuma ya hapo nenda kanisani. Ukumbuke jambo moja: Wakatoliki hubatiza watoto wachanga, kwa hivi kitabu chao kinakaribia siku ya kuzaliwa. Sisi Wabatisti tunabatiza mtu aliyeamini, kwa hivi tarehe ya ubatizo wa koko inaweza kuwa ya ujana wake ao ya uzee. Usiichukue kama siku ya kuzaliwa.

Sasa turudie neno lile la nyuma ya kalasi.

Katika jimbo letu swali « babu yako alitoka wapi? » si swali jepesi. Toka 1937 mpaka 1955 Wabeleji walileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wao mu Masisi, kwa kazi ya mashamba. Wengine walikuwa hapa mbele ya mipaka. Mwaka 1981 sheria ya Zaire ilisema kwamba raia ni yule ambaye wazee wake walikuwa wa kabila lililokaa katika inchi tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu anaweza kuleta karatasi ya koko wa koko wa 1885? Sheria ya 2004 ilisogeza hesabu mpaka siku ya uhuru, 1960, lakini ulimi wa watu haukusogea. Tunajua damu iliyomwangika juu ya swali hilo, na hakuna kabila lisilolia.

Biblia inatuonyesha njia mbili. Katika Ezra sura ya 2 kuna makuhani waliotafuta majina yao katika orodha ya ukoo, hawakuyaona, wakaondolewa kazini. Katika Matayo sura ya 1 kuna orodha nyingine, ile ya Bwana Yesu mwenyewe, na ndani yake yuko Rahabu wa Yeriko na Ruta Mmoabu, wageni wote wawili. Matayo angeweza kuwaficha. Hakuwaficha.

Tuandike jamaa zetu kwa namna ya Matayo. Ukikuta katika ukoo wako mtu aliyekuja kutoka mbali, mwandike na jina lake. Sisi tuliouliza vizuri juma lile tulikuta wageni karibu katika kila jamaa: bibi aliyenunuliwa kwa ng'ombe ng'ambo ya ziwa, babu aliyefuata kazi ya kahawa, mtoto aliyeokotwa vitani akalelewa kama wa tumbo.

Kwa hivi tunaomba mambo matatu. Kila mwanafunzi akamate sauti ya mzee mmoja mbele ya likizo kubwa. Mtu asiweke kwenye intaneti majina na vijiji vya watu walio hai, maana hatujui nani anasoma. Na mtu asicheke tena karatasi fupi ya mwenzake.

Kuhusu karatasi ile yenye majina mawili: tulienda kumuomba mwenzetu msamaha, na tunaurudia hapa mbele ya masomo yote. Alitueleza kwamba majina yale mawili aliyapata kwa koko wake, usiku mmoja, karibu na moto, na kwamba koko alikufa mbele ya kufika la tatu. Kati ya karatasi zote za kalasi, ile moja haikutoka kwenye Google.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita