Nahodha si tajiri

Kijiweni Songo Songo, wavuvi wakisubiri maji yajae, ubishi kuhusu Marekani humalizwa kwa kauli moja: "Yule akisema, imekuwa." Kwamba rais wao akitaka fedha zinatoka, asipotaka hazitoki, na hakuna wa kumbishia. Kauli hiyo hiyo nimeisikia Dar es Salaam, tena kwa wasomi. Si kweli, na watu wa kisiwa hiki ndio wangetangulia kuikataa.

Tarehe 2 Julai 2013 Barack Obama alifika Ubungo, kwenye mtambo wa Symbion uliokuwa ukifua umeme kwa gesi ya hapa hapa Songo Songo. Akapewa mpira wa ajabu, unaohifadhi umeme kadiri unavyochezwa, akaupiga kichwa. Siku mbili kabla, akiwa Cape Town, alikuwa ametangaza mpango wa Power Africa: dola bilioni 7 kwa miaka mitano. Tukapiga makofi, tukajua mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Hadi bilioni 5 kati ya hizo zilitegemea Ex-Im, benki ya serikali inayodhamini mauzo ya kampuni za Marekani nchi za nje. Benki hiyo huishi kwa kibali cha Bunge lao. Mwisho wa Juni 2015 kibali kikaisha, Bunge likaacha kiishe. Kilipohuishwa Desemba, bodi haikuwa na akidi, na bila akidi haikuweza kupitisha mikataba inayozidi dola milioni 10. Obama akateua mjumbe. Seneta Richard Shelby wa Alabama, mwenyekiti wa kamati ya benki, akalikalia jina lake. Akidi ilikuja kupatikana Mei 2019, Obama akiwa raia wa kawaida kwa zaidi ya miaka miwili. Nani kijiweni amewahi kumtaja Shelby?

Kosa letu ni kuipima Marekani kwa pishi la kwetu. Hapa mawaziri ni wabunge, na Bunge likikataa bajeti, Katiba inamruhusu Rais kulivunja. Kule waziri haruhusiwi kuwa mbunge, bajeti ya rais ni ombi tu, na kulivunja Bunge hawezi hata akasirike vipi. Mvuvi hahitaji kufundishwa jambo hili: usukani anashika nahodha, mafuta anatoa tajiri. Tajiri akigoma, chombo kinalala pwani, nahodha awe hodari namna gani.

Mtaniuliza: mbona Donald Trump aliivunja USAID, shirika lao la misaada, mwaka 2025 kwa kalamu yake, na Power Africa ikazama nayo? Ni kweli, kutoboa chombo ni rahisi kuliko kukiunda. Lakini hata hapo tajiri alikuwepo, akatazama pembeni. Chama cha rais ndicho kilichoshika mabaraza yote mawili ya Bunge, na Julai mwaka huo likapitisha sheria ya kufuta takriban dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Ukimya wa tajiri nao ni ruhusa.

Basi akija rais mwingine na mpira mwingine, tumpigie makofi, maana mgeni ana heshima yake. Kisha tuulize: tajiri amekubali?