Meza ya Kona: Tupime Chumba Kwanza, Ndipo Tumwite Seremala

Wahenga walinena kuwa kila mtu hujikuna ajipatapo. Usemi huu hutujia akilini kila tunapoingia katika ofisi ndogo ya kambi au ya kituo cha polisi hapa Bujumbura na kukuta meza kubwa ya kona imekijaza chumba kizima, hata mwenye ofisi hupita ubavu-ubavu kwenda kuketi. Meza ya kona si kitu kibaya. Kinyume chake, ni rafiki wa chumba kidogo, maana huitumia pembe ambayo aghalabu hubaki bure ikikusanya vumbi na majalada ya zamani. Ubaya huingia pale tunapoichagua kwa kutazama cheo chetu, badala ya kutazama chumba tulicho nacho.

Kabla ya kuwasema wengine, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulipewa chumba kimoja chembamba cha kufanyia kazi. Kwa kuwa tulikuwa tumepandishwa cheo karibuni, tuliagiza meza ya kona kubwa kuliko zote tulizowahi kuona, bila kupima hata ukuta mmoja. Iliposimamishwa, mlango ulifunguka nusu tu, na kiti cha mgeni kikakosa mahali. Siku moja alifika mama mmoja, mjane wa askari, kufuatilia hati za marehemu mumewe. Alisimama kizingitini akatueleza msiba wake huku wapitao katika korido wakisikia kila neno. Sisi hatukumdharau mama yule. Lakini meza yetu ilimdharau kwa niaba yetu.

Chuoni tulifundishwa kwamba ofisa huikagua ardhi kwanza, ndipo aamue mahali pa kuweka watu na silaha. Ni ajabu iliyoje kwamba somo hilo tulilisahau mara tulipokabidhiwa ufunguo wa ofisi!

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Chukua utepe wa kupimia, uandike urefu na upana wa chumba, mahali pa madirisha, na upande ambao mlango hufungukia. Kisha ipime pembe yenyewe, kwani si kila pembe ya nyumba imenyooka. Kutoka katika pembe, tia alama ya sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili. Umbali wa moja kwa moja baina ya alama hizo ukiwa sentimita 100, pembe ni sawa. Ukizidi au kupungua, mwambie seremala mapema, la sivyo meza itaacha ufa ukutani. Mwisho, tandika sakafuni karatasi za gazeti hili hili kwa umbo la meza unayoitaka, weka kiti, fungua mlango, upite. Gazeti likikanyagwa, meza hiyo ni kubwa mno.

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 3 kwa mita 2.5, chenye mlango katika ukuta mfupi. Wengi wetu tungeisukuma meza katika pembe ya mbali, mikono yake yote miwili ikigusa kuta. Kwa karani asiyepokea watu, mpango huo wafaa. Kwa askari wa zamu haufai, kwa sababu humfanya aupe mlango kisogo. Heri mkono mmoja ufuate ukuta mrefu, na wa pili ujitokeze kukata chumba. Mkono huo wa pili ukiwa na urefu wa sentimita 140, hubaki sentimita 110 za kupita, zinazomtosha hata mwenzetu aliyejeruhiwa atembeaye kwa magongo. Upana wa meza ukiwa sentimita 60, na nafasi ya kiti chako nyuma yake sentimita 90, mgeni naye hubakiwa na mita 1.5 upande wa mlango. Ataketi, mlango utafungwa, naye atasema shida yake kwa sauti ya chini.

Tukumbuke pia kwamba katika kona ya ndani, meza ya upana wa sentimita 60 hufikia kina cha karibu sentimita 85. Mkono wa mtu aliyeketi haufiki huko kwa urahisi. Panafaa kompyuta au taa. Jalada likiwekwa huko husahauliwa, na pengine ndilo jalada la mtu anayesubiri haki yake.

Hali ya mji wetu nayo ina neno. Jua la alasiri hushuka kuelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo dirisha la magharibi lisiwe mbele ya macho yako wala nyuma ya mgongo wako. Nuru na ije kutoka ubavuni. Mvua za Oktoba hadi Mei huvimbisha mbao hata droo zikagoma. Basi uwe wa mkaratusi au wa mgrevilea, ubao ukaushwe kwanza. Fundi wa Buyenzi au wa Bwiza aombwe kuitengeneza meza vipande viwili vinavyoungwa kwa bolti. Itapita mlangoni bila kukatwa, na siku ya uhamisho, atakayetupokea ataweza kuugeuza mkono wake kulingana na chumba chake.

Watakuwapo watakaosema kwamba meza kubwa huleta heshima. Tunawajibu kwa usemi mwingine wa wahenga: ukubwa ni jaa. Mkubwa ndiye anayepokea ya watu wote, yawe machozi, malalamiko au maombi, na jaa lisilo na mlango wa kuingilia si jaa. Meza yetu ya kwanza tuliirudisha kwa fundi, akaipunguza sentimita 40. Yule mama aliporudi kuchukua hati zake, aliketi. Ndugu askari, kabla ya kuagiza meza, jiulizeni kwanza mgeni wenu ataketi wapi.