Misuli Haijengwi kwa Mikebe ya Poda

Imekuwa ada miongoni mwa vijana wetu wanyanyuao vyuma kuamini kwamba kadiri mtu alavyo protini, ndivyo misuli yake itakavyotutumka. Asubuhi atakunywa poda, adhuhuri atakula mayai sita, na usiku atairudia poda. Ugali na sukumawiki huviona chakula cha wanyonge. Itikadi hii, kwa maoni yangu, haina mashiko.

Mwili hauna ghala la protini mithili ya lile la mafuta. Ukishachukua kiasi uhitajicho, ziada huvunjwavunjwa na ini. Naitrojeni iliyomo hugeuzwa kuwa yurea, nazo figo zikalazimika kuitoa kwa njia ya mkojo. Kazi hiyo yataka maji. Ndipo kijana apatwapo na kiu isiyokatika na, kwa kuwa amezipa kisogo mboga na nafaka, akafunga choo. Nguvu isiyotumika huwekwa kama mafuta. Yaani amenunua kitambi kwa bei ya misuli!

Mtu mzima wa kawaida huhitaji takriban gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Mnyanyua vyuma huhitaji zaidi, hilo silikatai. Hata hivyo, uchanganuzi uliochapishwa mwaka wa 2018, uliojumlisha majaribio 49, ulidhihirisha kwamba kupita gramu 1.6 hivi hakuongezi misuli. Kijana wa kilo 60, basi, zamtosha gramu 96. Yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Ile githeri idharauliwayo bwenini si haba.

Haki yanidai niseme pia kwamba haijathibitishwa kuwa protini nyingi huharibu figo za mtu mwenye afya njema. Nimhofiaye ni yule ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika pasi na yeye kujua, maana kisukari na shinikizo la damu huziharibu kimyakimya. Kwake huyo, ziada hiyo ni mzigo juu ya mzigo. Je, ni wauzaji wangapi wa poda wamuulizao mteja iwapo amewahi kupimwa?

Nawasihi walimu wa michezo na wa baiolojia wawakalishe wanafunzi hawa, wawape mizani, bei ya poda na bei ya maharagwe, wapige hesabu wenyewe. Na ambaye katika ukoo wake mna kisukari au maradhi ya figo aelekezwe zahanati, akapimwe damu na mkojo kabla hajafungua mkebe mwingine.