Tawi hilo lina mwenyewe!

Wiki hii tuko Kiswere, kule kusini ya Kilwa, uani chini ya mkorosho. Ugomvi ni wa tawi moja kavu. Mama mwenye nyumba analitaka, kuni ndizo hizo, na mkaa bei yake mnaijua. Mzee hataki liguswe. Eti kuna kigogota! Mama kauliza swali la haki kabisa: "Baba, huyo kigogota ndiye atakayechemsha maharage?"

Mimi niko upande wa mzee, ila si moja kwa moja.

Kigogota anasingiziwa bure kuwa anaua miti. Anachofuata ni sisimizi na mabuu waliojificha ndani. Anagonga, anagonga tena, halafu anachomoa ulimi mrefu ajabu, ambao shina lake linazunguka hadi nyuma ya fuvu. Mkia mgumu anauegemeza mtini kama kigoda, vidole viwili mbele na viwili nyuma. Yule mdogo mwenye michirizi kifuani, mkiona kisogo chekundu ni dume, cheusi, jike.

Kichwa hakimuumi? Tuliambiwa miaka mingi kwamba fuvu lake lina kitu kama sponji cha kupunguza kishindo. Wapi! Mwaka 2022 wataalamu wa Ubelgiji walitoa matokeo ya kuwapiga picha kwa kamera za kasi, wakakuta kichwa ni nyundo tupu. Kinachomwokoa ni ubongo wenyewe kuwa mdogo mno.

Sasa hilo tawi. Kiota anapenda kuchimba kwenye mti uliokufa, maana ndio laini. Akihama, wanaingia wapangaji, ndege wasioweza kujichimbia. Mkikata kila kikavu, wote hao mmewafukuza uani.

Lakini mzee naye asijifanye mpenda ndege hadi kwenye mnazi uliokufa. Hapana bwana! Kwenye gogo la mnazi linalooza ndimo anamozaliana yule mdudu mweusi mwenye pembe, akikomaa anaruka kwenda kutoboa minazi mizima. Na minazi ya pwani ya kusini imeshakaushwa vya kutosha na magonjwa. Huo ukatwe, upasuliwe, mama apate kuni zake humo.

Tawi la mkorosho lisubiri makinda yaruke. Na wewe mwenye mti mkavu nyumbani, kabla ya panga gonga shina mara mbili tatu. Kichwa kikichungulia tunduni, rudisha panga ndani.