MAONI: Meli ikitia nanga Karibea, chagua ufuo kwa upepo, si kwa picha

VIJANA kadhaa wa hapa nchini wameajiriwa katika meli za kitalii zinazozunguka bahari ya Karibea. Kuna walio jikoni, kuna wanaotandika vitanda vya wageni, kuna walio baa. Meli ikitia nanga, wenye bahati hupata ruhusa ya kushuka kwa saa chache. Halafu kuna ndugu zetu walioko Marekani ambao hujichanga mwaka mzima, wakalipia safari ya wiki moja kutoka Miami. Wote hukutana na swali lile lile asubuhi: tuko hapa hadi saa kumi jioni, twende ufuo upi tukaone samaki?

Wengi hukimbilia simu. Unaandika jina la kisiwa, unaletewa picha ya mchanga mweupe, mnazi ulioinama na dada aliyevaa miwani ya jua. Basi, umeshachagua. Maoni yangu ni kwamba hapo ndipo watu hupoteza siku, hela, na mara nyingine hata uhai.

Snokeli, yaani kuelea kifudifudi ukiwa na miwani ya majini na mrija wa kupumulia, haina haja na mchanga mzuri. Inataka vitu vitatu: mwamba ulio karibu, maji yaliyotulia na muda wa kutosha. Ufuo unaong'aa kwenye Insta mara nyingi ni mchanga mtupu hadi chini, na samaki hawaishi jangwani.

Chukua kisiwa cha St. Thomas, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani. Ufuo wenye jina kubwa ni Magens Bay. Ni mzuri kweli, ghuba pana yenye maji kama ya bwawa. Lakini ukiingia na mrija wako utaona mchanga, mchanga, kisha mchanga tena. Coki Beach, kaskazini mashariki mwa kisiwa, ni mdogo na una kelele za wachuuzi, ila hatua chache tu kutoka ukingoni samaki wanakuzunguka. Anayetaka kulala juani aende Magens. Aliyetoka melini kwa ajili ya samaki aende Coki. Ni kosa kulipia kimoja ukitarajia kingine.

La pili ni upepo, na hapa sisi tuliozoea Pwani ya Kenya tunafaa kubadilisha hesabu. Mtu wa Mombasa au Shimoni kabla hajaingia baharini huuliza: maji yamejaa au yamekupwa? Ana haki kuuliza, kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwetu hukaribia mita nne. Katika sehemu nyingi za Karibea tofauti hiyo haifiki hata nusu mita. Swali la huko ni jingine: upepo unatoka wapi?

Kwetu kuna kaskazi na kusi, pepo zinazopokezana zamu. Kule upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Kwa hivyo upande wa mashariki wa visiwa vingi hupigwa na mawimbi, na upande wa magharibi hukingwa na nchi kavu. Upande huo wa mashariki ndio pia unaopokea mzigo mkubwa wa sargassum, mwani wa rangi ya kahawia ambao tangu 2011 umekuwa ukifika kwa marundo na kuoza ufuoni kwa harufu ya mayai viza. Picha uliyoiona ilipigwa siku ambayo mwani haukuwapo. Leo je?

Mfano mzuri ni Cozumel, kisiwa cha Mexico ambacho ni miongoni mwa bandari zenye meli nyingi zaidi za kitalii duniani. Mashariki yake ni bahari wazi, pazuri kwa kula samaki ukitazama mawimbi, si pa kuogelea. Magharibi ndiko kuliko na miamba iliyofanya kisiwa kijulikane, na sehemu kubwa yake imelindwa kama mbuga ya taifa tangu 1996. Lakini hata huko usidanganywe na utulivu wa juu. Mkondo wa maji hupita sambamba na ufuo, na una nguvu. Wapiga mbizi wa Cozumel hawaogelei kurudi walikoanzia; huachilia mkondo uwabebe na boti huwafuata. Ukiingia peke yako, ukainua kichwa baada ya dakika ishirini, unaweza kujikuta mbali na taulo lako. Hapo, lipia boti yenye mwongozaji. Na kukiwa na upepo wa kaskazini, ambao hufika miezi ya baridi, mkuu wa bandari akifunga njia kwa boti ndogo, usimtafute jamaa wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma.

Tuje kwa saa. Meli ikifunga saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni, unafikiri una saa nane. Huna. Kushuka kunakula muda. Wafanyakazi na abiria hutakiwa kurudi kabla ya meli kung'oa nanga. Toa muda wa teksi kwenda na kurudi, toa foleni ya kukodi vifaa, na ubakishe akiba ya saa nzima kwa ajili ya msongamano. Umebaki na saa tatu au nne. Ufuo ulio mwendo wa saa moja umeshakula nusu ya siku yako kabla hujalowa.

Grand Cayman hesabu ni kali zaidi, kwa sababu meli kubwa hazina gati. Zinatia nanga nje na abiria husafirishwa kwa boti hadi George Town. Aprili 2025 wapiga kura wa visiwa hivyo waliulizwa kama wanataka gati la meli za kitalii lijengwe, wakakataa. Mimi nawaheshimu kwa hilo, maana ni bahari yao. Ila wewe mgeni ujue utapanga foleni ya boti. Badala ya kukimbizana na teksi hadi mwisho wa kisiwa, tembea kwa miguu hadi Eden Rock, karibu tu na mji. Hakuna mchanga wa kujinyoosha, ni mawe na ngazi ya kushukia majini, lakini mwamba uko pale pale.

Na angalia saa unayofuata. Cozumel hawabadilishi saa zao, ilhali Miami hubadilisha kila Machi na Novemba. Katikati ya miezi hiyo, Miami huwa mbele kwa saa moja. Simu yako ikijirekebisha kwa saa za kisiwa na meli imebaki na saa za Miami, utafika gatini ukiipungia mkono.

Najua hoja ya upande wa pili. Watu husema: nunua ziara ya meli yenyewe, ukichelewa inakungoja. Ni kweli, na kwa ufuo wa mbali nakubali. Mtu anayetoka St. Thomas kwenda Trunk Bay, kisiwa cha St. John, anahitaji gari kisha feri. Huko nenda na ziara ya meli au usiende kabisa. Lakini kwa ufuo ulio dakika kumi na tano kutoka bandarini, kulipa mara mbili ili upelekwe na umati wa watu hamsini ni kununua hofu. Panda teksi ya mwenyeji, kubaliana bei kabla ya mlango kufungwa, kodi vifaa kwa kijana wa pale, na chakula ununue kwa mama wa pale. Hapo ndipo pesa ya utalii inapogusa mtu.

Hili si jambo dogo. Jamaica bado kuna sheria ya fuo ya 1956, ya enzi za mkoloni, isiyompa mwananchi haki ya jumla ya kufika baharini. Wenyeji wamekwenda kortini kudai njia za kufikia fuo walizoogelea tangu utotoni, sasa zimezungushiwa ukuta. Barbados, kinyume chake, fuo ni za umma, na Carlisle Bay iliyo karibu na bandari ya Bridgetown ina kasa na mabaki ya meli katika maji yasiyo na kina kirefu. Sisi Wakenya tunaujua ukuta huo. Katiba yetu, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, lakini jaribu kufika huko sehemu fulani za Pwani uone askari wa lango atakavyokuhoji. Tusilalamike huku, halafu tukienda kwa wengine tulipie lango lile lile. Penye ufuo wa umma wenye samaki, nenda huo.

Mwamba nao ni mgonjwa. Ugonjwa unaoua matumbawe magumu ulionekana Florida mwaka wa 2014, ukafika Cozumel 2018, ukaendelea kusambaa Karibea. Mwaka wa 2023 maji yakapata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakageuka meupe. Anayekwenda kumwona mgonjwa hamkanyagi. Usisimame juu ya matumbawe kurekebisha miwani. Usiinue kiti cha pweza upige naye selfi. Visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe tangu 2020. Vaa fulana ya mikono mirefu. Ndiyo, hata sisi weusi mgongo huungua.

La mwisho tusemezane ukweli. Wengi wetu tuliolelewa bara tulikatazwa hata kukaribia mto. Kuogelea tumejifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli ambalo miguu inagusa chini. Hakuna aibu kuvaa jaketi okozi. Aibu ni kuletwa ufuoni ukiwa umebebwa kwa sababu ulitaka video ya sekunde kumi. Nenda na mwenzako, na mrija ukiingiza maji rudi ukingoni kwanza.

Kwa hivyo kabla ya kushuka ngazi ya meli, jiulize: upepo uko upande gani, mwamba uko hatua ngapi kutoka ukingoni, pesa yangu inaishia kwa nani, na nitarudi kwa saa za nani? Ukikosa jibu la moja, ogelea kidogo karibu na mji, kula samaki, urudi mapema. Meli za aina hiyo hutia nanga Mombasa pia, na wageni wake huenda kuona matumbawe yetu. Tungependa wajiulize hayo hayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji afungiwe nje ya bahari yake.