Dakika 10 za Pilates, Megabaiti 150: Nani Katuroga?

Nimekuwa kimya kwa wiki 3, na sababu ya ukimya ni mgongo. Yeyote anayeandika programu kwa kulipwa anajua ninachosema. Unaketi saa 3 asubuhi kutafuta kosa moja kwenye msimbo, ukija kuinuka ni saa 10 jioni na kiuno kimekauka kama kuni. Mimi nina miaka 28. Mgongo wangu ulikuwa na 60.

Rafiki mmoja akanishauri nijaribu Pilates. Si mazoezi ya kurukaruka wala kubeba vyuma. Unalala kwenye mkeka, unakaza tumbo, unainua miguu polepole na kupumua kwa hesabu. Akaniambia mtandaoni zimejaa video fupi za dakika 10, za bure, za kufanyia nyumbani. Nikasema haya. Nyumba yangu hapa Machakos ni ndogo, lakini nikisogeza meza ninapata nafasi ya kulala nikanyooka, dirisha likitazama vilima vya Iveti. Nitake nini tena?

Basi nimejaribu, mara 13 kwa jumla. Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: mazoezi yenyewe ni mazuri. Mgongo umelegea. Ugomvi wangu si na Pilates. Ugomvi wangu ni na video!

Kwanza, bando

Kazi yangu ni kupima, kwa hiyo nilipima. Video ya ukubwa wa 720 inayopita kwa megabiti 2 kila sekunde hula megabiti 1,200 kwa dakika 10. Gawanya kwa 8: megabaiti 150. Mara 13 ni karibu gigabaiti 2. Gigabaiti 2 za kunifundisha kulala chini!

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Bando likivuja, nafuu ni ya aliyekuuzia. Na serikali nayo imo. Sheria ya Fedha ya 2021 ilipandisha ushuru wa data kutoka asilimia 15 hadi 20, tukasubiri mpaka sheria ya 2023 ndipo ukarudi 15. Kwa hiyo kila mara mwalimu wa video anapotabasamu mbele ya maua yake, wewe unalipia tabasamu, unalipia maua, na unalipia ushuru wa maua.

Pili, muda

Dakika 10 si dakika 10. Nilikuwa nikiandika saa ninayoshika simu na saa ninayoinuka mkekani. Wastani wangu ulikuwa dakika 24. Hizo 14 zilienda wapi? Kuchagua video kati ya mia zinazofanana, kusubiri matangazo, kusubiri mtandao uamke. Na ukimaliza, kabla hujafuta jasho, video nyingine imeanza yenyewe, mara nyingi haihusu hata mazoezi. Siku moja nililala kwa ajili ya mgongo, nikainuka nikiwa nimetazama namna ya kupika wali wa nazi.

Mimi ni mtunzi wa programu, najua hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Kuna mtu kama mimi, pengine kijana mwenye shahada kama yangu, aliyepewa kazi ya kuhakikisha hubanduki kwenye kioo. Mazoezi yanataka uache simu. Chombo kinachoyabeba kinalipwa usipoiacha. Hao wawili wataelewana vipi?

Tatu, shingo

Hili lilinichekesha baadaye. Kuna zoezi maarufu liitwalo Mia Moja. Unalala chali, miguu juu, unainua kichwa na kutazama kitovu, huku mikono ikipigapiga hewa kando ya mwili. Unavuta pumzi kwa hesabu ya 5, unaitoa kwa hesabu ya 5, mara 10. Jumla 100. Sasa niambie: kama macho yako kitovuni, simu nitaitazama na nini? Wiki ya kwanza yote nilikuwa nikigeuza shingo pembeni kumwangalia mwalimu, na shingo ikaanza kuuma kuliko mgongo. Wiki ya tatu nilikuwa nafumba macho na kusikiliza tu. Ndipo nikagundua kwamba nanunua picha nisizozitazama.

Nne, na hili ndilo kubwa: lugha

Jumamosi moja mama alinitembelea. Yeye ni fundi wa nguo, amekuwa akiinamia cherehani tangu kabla sijazaliwa. Akaniona nimelala chini, akauliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamweleza. Akasema, "Hata mimi mgongo huu hunilaza macho. Hebu nifundishe." Nikatandika leso, nikawasha video.

Mwalimu akasema kwa Kiingereza chake cha haraka jambo ambalo nilimtafsiria mama neno kwa neno: "Shughulisha kiini chako."

Mama akanyamaza, akanitazama. "Kiini ni cha yai. Mimi nina kiini wapi?"

Tulicheka mpaka tukakaa. Kisha nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Mwaitu, vuta kitovu ndani kama mtu anayefunga leso kiunoni kwa nguvu kabla hajajitwika mtungi." Akafanya papo hapo, sawasawa, kuliko nilivyofanya mimi siku yangu ya kwanza. Mwili wake ulikuwa unalijua jambo hilo miaka yote. Kilichokosekana ni sentensi moja ya Kiswahili.

Hiyo sentensi ina herufi zisizofika 100. Yaani ni chini ya kilobaiti 1. Video nzima ya megabaiti 150 ilishindwa na kilobaiti 1!

Mwenye Pilates hakuwa na video

Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta Uingereza, akafungiwa kambini pamoja na Wajerumani wenzake, na huko akaendelea kuyajenga mazoezi yake. Mwaka 1926 alihamia Marekani akafungua ukumbi New York. Mwaka 1945 alitoa kitabu chenye mazoezi 34 ya kufanyia mkekani, kwa picha zisizotembea na maelezo mafupi. Karatasi! Haina betri, haina matangazo, haikurukii na mapishi. Watu walijifunza.

Tena sikilizeni hili, wapenzi wa programu huria. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho kule New York iliamua kwamba neno Pilates si alama ya biashara ya mtu, ni jina la aina ya mazoezi, kama mtu anavyosema yoga au karate. Kwa hiyo jina ni huru na mazoezi ni huru. Kilichofungwa ni chombo tu, na waliokifunga ni watu wa fani yangu.

Najua mtasema nini

Mtasema: bila kuona, mtu ataumia. Kweli, lazima uone. Lakini uone mara ngapi? Seremala haitazami picha ya nyundo kila apigapo msumari. Nipe kipande cha sekunde 15 kisicho na sauti kwa kila zoezi, nikipakue mara moja tu, nikirudie nikisahau. Baada ya hapo nahitaji sauti ya kunihesabia.

Mtasema: waya wa intaneti umefika Machakos, hayo ya bando ni ya kizamani. Umefika kwa nani? Haujafika kwenye kibanda cha mama. Na hata ungefika, hoja ya shingo na hoja ya lugha bado ziko palepale.

Mtasema: Pilates yenyewe ni mtindo wa mjini tu. Hapo nakubali nusu. Wachambuzi wa Cochrane mwaka 2015 walipitia tafiti za Pilates na maumivu ya chini ya mgongo. Walikuta inasaidia kuliko kukaa bure au kufanya kidogo sana, ila hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Sawa kabisa! Sisemi ni dawa ya miujiza, na mgongo ukiuma hadi miguu ikafa ganzi, nenda kwa daktari, usiende mkekani. Nasema ni zoezi la bei ya bure ambalo mtu aweza kulifanya kwenye nafasi ya leso moja. Tena Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, liliondoa lile sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabike yakifika dakika 10 mfululizo. Hata dakika 3 kati ya nguo na nguo zina maana. Je, kuna video ya dakika 3 ya Kiswahili kwa fundi wa cherehani? Nilitafuta. Sikuiona.

Wenye makosa ni sisi

Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta, tulifundishwa kuupima ubora wa algorithimu kwa muda inaotumia na kumbukumbu inayokula. Hakuna aliyetufundisha kuupima kwa shilingi za mtumiaji. Tukatoka na shahada, tukakaa mbele ya kompyuta zenye mtandao wa ofisi, na tangu hapo jibu letu kwa kila swali ni video. Mkulima ana swali? Video. Mjamzito ana swali? Video. Mgongo unauma? Video, na iwe na muziki. Huo si ufundi. Huo ni uvivu uliovaa suti.

Basi badala ya kulalamika tu nilikaa jioni 2, nikaandika maelekezo ya mazoezi 8 kwa Kiswahili cha mama. Nikayasoma kwa sauti yangu na kuyarekodi kwa simu, nikayabana kuwa MP3 ya kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja. Dakika 10 zikawa megabaiti 2.4. Kwa uzito wa ile video moja unapata vipindi 62! Nikayaweka kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya mama, kabambe yake ileile ya kubonyeza. Haihitaji mtandao wala akaunti, na wala haijui mama ametazama nini jana.

Siku 4 baadaye akanipigia simu asubuhi na mapema, kabla hajafungua kibanda. Nikajua ananishukuru. Wapi!

"Unahesabu haraka mno," akasema. "Nikifika 3 wewe uko 5. Na hapo pa kugeuka ubavu, ngoja mtu ageuke kwanza ndipo uendelee. Unafikiri sisi wote tuna miaka 28?"

Hiyo ndiyo ripoti ya kosa iliyo bora kuliko zote nilizopata mwaka huu. Toleo la pili nalirekodi leo usiku, polepole.

Na wewe je? Kama unajua zoezi moja tu, liandike kwa lugha ambayo mamako angeielewa akiwa amelala chali, ulirekodi, umpelekee. Kiswahili, Kikamba, Kijaluo, chochote. Ukikwama kwenye kubana sauti, niulize, nitakusaidia. Ila ukiniletea video, hatutaelewana.