Ushuhuda wa deni la unga

Hapa Nkoroi, shuhuda nyingi za Jumapili ni za ploti, gari na kazi mpya. Namshukuru Mungu kwa hayo pia. Ila kilichonigusa zaidi ni jirani mmoja, mama mboga, aliyeokoka kisha akamrudia mwenye duka na kumtajia madeni ya unga na mafuta ambayo huyo mwenye duka alishayasahau. Anayalipa shilingi 50 kila jioni, akishafunga kibanda.

Amenikumbusha wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937. Walioguswa walitubu hadharani, wakarudisha walichoiba. Wakati wa Mau Mau wengi wao walikataa kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali, na wapo waliouawa kwa msimamo huo. Hiyo ndiyo kazi ya Mungu ninayoitambua bila kuuliza.

Wachungaji wetu, naomba huyu mama apewe maikrofoni. Hajawahi kuitwa mbele.